Kifungo cha Nje Bado ni Kifungo

Malalamiko yanayofika kwetu siku hizi, katika ofisi ya probesheni inayosimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, ni ya aina mbili. La kwanza: "Aliyeniibia namwona kila asubuhi akifagia zahanati, kumbe korti ilimwachilia?" La pili: "Madam, kijana wetu alifungwa mwaka mmoja. Miezi sita imeisha na hajatoka. Si jela mchana na usiku huhesabiwa siku mbili?"

Nianze na hilo la pili, maana nimelijibu hadi nimechoka. Hakuna sheria ya Kenya inayohesabu usiku kuwa siku ya pili. Haipo, haijawahi kuwapo, na aliyekuambia alisimuliwa na mwenzake kwenye matatu. Kinachopunguza kifungo ni msamaha wa theluthi moja ulio katika Sheria ya Magereza, kwa mfungwa mwenye bidii na nidhamu. Mwaka mmoja unakuwa miezi 8. Miaka 3 inakuwa miaka 2. Aliyefungwa maisha haupati, wala aliyefungwa kwa unyang'anyi chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni za Adhabu. Msamaha huo huhesabiwa gerezani na hauuzwi. Anayedai atakusaidia "kuuharakisha" kwa kitu kidogo anakula pesa zako bure.

Kuna siku nyingine ambazo familia husahau kabisa, nazo ni za rumande. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaitaka korti izizingatie inapopanga kifungo. Mshtakiwa akipewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu, aitaje tarehe aliyokamatwa.

Sasa kifungo cha nje. Mtaani jina hilo hubeba vitu viwili. Kimoja ni probesheni: miezi 6 hadi miaka 3 chini ya ofisa, ukiripoti kwake na kufuata masharti ya korti. Cha pili ni huduma ya jamii, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1998: kazi ya umma bila malipo, isiyozidi saa 7 kwa siku, kama vile kukarabati shule au hospitali ya serikali, kupanda miti au kutengeneza barabara. Huduma ya jamii ni ya makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 3, au ambayo inazidi hapo lakini hakimu ameona miaka 3 au chini yake inatosha. Ndiyo maana mwizi wa simu anaweza kuipata hapa katika korti za Makadara au Kibera.

Kabla ya kuamua, hakimu huagiza ripoti kutoka kwetu. Ofisa humhoji mshtakiwa, kisha hufika nyumbani kwao, iwe Mukuru au Kayole, na kama alikulia mashambani tunawaandikia wenzetu wa huko. Tunamuuliza chifu, wazee wa nyumba kumi, mwajiri akiwapo, na aliyekosewa pia. Ripoti hiyo hailipiwi hata shilingi.

Hapa ndipo familia hujiharibia. Mama anaapa kwamba mwanawe hajawahi kulala seli, ilhali alama za vidole zinaonyesha kesi mbili. Shangazi anasema kijana ataishi kwake, nasi tukibisha mlangoni tunaambiwa na mpangaji mpya kwamba shangazi alihama mwezi uliopita. Ninawaelewa, ni uchungu wa mzazi. Lakini ripoti itaandika tulichokikuta, na kijana aliyekosa makao ya kujulikana ni vigumu kumpendekeza kokote nje ya gereza. Hata tukimpendekeza, hakimu halazimiki kukubali. Na mshtakiwa mwenyewe lazima aikubali probesheni baada ya kuelezwa masharti yake. Hawekewi kwa nguvu.

Akivunja masharti anaitwa kortini, na anaweza kuhukumiwa upya kwa kosa lile lile la mwanzo. Wapo walioacha kuripoti wakidhani faili imepotea. Faili haipotei.

Kuhusu faini, kifungu cha 28 cha Kanuni za Adhabu kinaweka kilele cha kifungo kwa asiyelipa, isipokuwa sheria mahususi ielekeze vingine: faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14; hadi 2,500 ni mwezi 1; hadi 15,000 ni miezi 3; hadi 50,000 ni miezi 6; zaidi ya hapo ni miezi 12. Jamaa wakipata pesa baada ya aliyetozwa faini kupelekwa gereza la Industrial Area au la Lang'ata, bado wanaweza kulipa atoke, na wakilipa sehemu, siku zinapungua kwa kiasi hicho. Daini risiti rasmi.

Na tafadhali, msituletee kesi ya unajisi wa mtoto mkisema wazee wameshasuluhisha. Mbuzi walioliwa hawabadilishi kitu. Mtoto wa miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba viwango hivyo vya chini vinasimama.

Asiyeridhika na hukumu ya hakimu ana siku 14 za kukata rufaa. Kila kesi ina yake, kwa hivyo kwa iliyo mbele ya korti muone wakili. Mimi siwezi kuizungumzia hapa.

Narudi kwa aliyeibiwa. Korti haikumwachilia mtu huyo: ule ufagio ndio adhabu yake, na anayemsimamia pale zahanati anaandika saa zake kila siku. Ukipita siku yake ya kazi usimwone, njoo utuambie, nasi tutamwita.