Ngiri na mizigo mizito: maswali tunayoulizwa kila msimu wa mavuno

Ngiri ni nini hasa?
Ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni kupenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo na kutokeza kama uvimbe chini ya ngozi. Mara nyingi hutokea kinenani, na kwa wanaume huweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Nyingine hutokea kitovuni au kwenye kovu la upasuaji. Ukisimama au ukikohoa uvimbe unaonekana, ukilala unarudi. Usiichanganye na busha: hayo ni maji yanayozunguka korodani.

Kwa hiyo ikirudi ndani, si nimepona?
Hujapona. Tundu bado lipo, na utumbo utapita tena hapohapo.

Nimeambiwa kuna dawa ya mizizi, au nichuliwe kwa mafuta.
Ndugu yangu, hakuna mzizi unaoziba tundu kwenye msuli. Tunawapokea watu wenye chale mbichi kinenani, ngozi imebabuka kwa dawa ya kupaka, na kipande cha kanga kimefungwa kiunoni kwa nguvu kuzuia uvimbe usitoke. Ngiri iko palepale, na sasa ana kidonda juu yake. Ngiri ya mtu mzima huondolewa kwa upasuaji.

Nitajuaje kwamba imekwama?
Uvimbe uliozoea kurudi unagoma. Unakuwa mgumu, unauma, hata kuugusa huwezi. Kisha tumbo linasokota na kujaa, unatapika, hupati choo wala hewa haitoki. Maana yake utumbo umebanwa na damu haipiti. Ndani ya saa chache sehemu hiyo huanza kufa.

Ikinitokea usiku, nisubiri kukuche?
Hapana. Nenda hospitali usiku huohuo.

Hata kama nimekunywa dawa ya maumivu na nimepata nafuu?
Hata hivyo. Dawa ya maumivu haifungui utumbo uliobanwa. Tena maumivu yakipungua ghafla huku uvimbe ukiwa bado mgumu, huenda utumbo umeshakufa. Usile, usinywe kitu, usiukandamize uvimbe kwa nguvu, usiruhusu mtu auchue. Ita bodaboda, ita jirani mwenye gari, nenda kwenye hospitali inayofanya upasuaji.

Nasisitiza kwa sababu mambo ni yaleyale kila mwaka. Kijana anashusha magunia sokoni, jioni ngiri inagoma. Analala nayo. Asubuhi anapewa dawa ya mizizi, mchana anachuliwa, anatufikia kesho yake midomo imekauka na tumbo limevimba. Upasuaji ambao ungekuwa mdogo unageuka wa kufungua tumbo na kukata utumbo uliooza. Wapo wanaofariki, na walikuwa na muda wa kutosha wa kufika.

Mizigo mizito ndiyo inayoleta ngiri?
Si peke yake. Wengine huzaliwa na njia ambayo haikuziba, wengine misuli hulegea kwa umri. Mzigo huongeza msukumo ndani ya tumbo, na hapo palipo dhaifu panaachia. Kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, na kwa wazee kukojoa kwa shida hufanya vivyo hivyo. Ila kwa makuli wa masoko ya Kibaigwa na Majengo lazima niseme: gunia la kilo 100 tayari ni kubwa mno kwa mgongo wa mtu mmoja, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni zaidi ya hapo. Nyanyueni wawili. Chuchumaa, shika mzigo karibu na mwili, pumua nje unapoinuka.

Na vyuma vya mazoezi?
Kama huna ngiri, endelea, ongeza uzito kidogo kidogo, na usibane pumzi. Kama unayo, acha vyuma vizito mpaka daktari akuone. Mazoezi ya tumbo hayazibi tundu.

Mtoto wangu ana kitovu kilichotokeza.
Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka mitano. Usifunge sarafu juu yake. Lakini uvimbe wa kinenani kwa mtoto haujifungi, mlete mapema.

Upasuaji hautanimaliza nguvu za kiume?
Hofu hii ndiyo inayowaweka wengi nyumbani. Kwa kawaida upasuaji wa ngiri haumalizi nguvu za kiume. Mara nyingi unachomwa sindano ya ganzi mgongoni, utumbo unarudishwa, pale palipolegea panashonwa au kuwekwa wavu maalumu. Wengi hutembea siku hiyohiyo au kesho yake. Mizigo mizito unaiacha kwa takribani wiki sita.

Ninaweza kusubiri nimalize kuuza mahindi?
Kama uvimbe unarudi vizuri na hauumi, fika hospitali wiki hii, uonwe na upangiwe tarehe. Hiyo tarehe inaweza kuwa baada ya mavuno. Kwa mwanamke mwenye uvimbe kinenani usichelewe hata hivyo, maana wa kwenu hukwama kwa urahisi zaidi. Kama umegoma kurudi na unauma, acha mahindi hapo yalipo, uondoke sasa.