Lifti ya KICC haidondoki, na kuruka hakutakusaidia

Mtu akijua tu kazi yangu ni lifti, swali ni lile lile: si kebo ikikatika unaruka juu kidogo kabla haijagonga chini? Halafu anaenda KICC, ule mnara wa mikutano wa Nairobi, kupiga picha kwa helipadi ya juu, anasikia lifti inafika ghorofa ya 27 na kutoka hapo ni ngazi, anaanza kusali.

Hesabu basi. Mnara una mita 105, tuseme umeanguka 90 bila breki yoyote, unafika chini na karibu kilomita 150 kwa saa. Kuruka kwako kunapunguza kama 10. Hongera.

Lakini haianguki. Kebo si moja, ni kadhaa, na pamoja zinaweza kubeba mara kumi na zaidi ya lifti ikiwa imejaa. Na kuna gavana, kifaa cha kuchunga spidi, sio ile ya matatu ambayo kila makanga anajua kuichokonoa. Spidi ikizidi inavuta taya zilizo chini ya kibanda, zinauma reli, mnasimama hapo hapo hata kebo zote zikiwa zimeenda.

Kinachonimaliza ni hii: nyinyi mnaogopa chini na lifti yenyewe inataka kwenda JUU. Upande wa pili wa kebo kuna kaunta, vyuma vizito vyenye uzito wa kibanda kitupu ukiongeza karibu nusu ya mzigo wake, ndio mota isihangaike. Sasa mkiwa wawili ndani, kaunta imewazidi, breki ya mota ikiachilia mnapaa. Lifti za zamani nyingi taya zao zinauma zikishuka tu, kupanda hazina habari, na hapo ndio mimi huwa na wasiwasi wangu. Mwingine ni kwamba zile taya zinapimwa kwa mzigo kamili na spidi kamili lifti ikiwa mpya, baada ya hapo kila mwaka tunazijaribu polepole, kibanda kitupu, tunatia saini. Naziamini, ila ni kuamini.

Wanaokufa sana ni wa milango. Lifti inakwama katikati ya ghorofa mbili, kijana shujaa anafungua kwa nguvu, anajirusha nje, na chini ya kibanda shimo liko wazi linamngoja. Bonyeza kengele ukae chini. Hewa haiishi, kibanda kina matundu, na fundi yuko kwa jam ya Uhuru Highway anakuja.