Je, wajua kwa nini kava ya gemu uliyoishona kwa vipimo sahihi kabisa inagoma kuingia?

Karibu kila anayeshona kava ya konsoli ya mkononi, yaani kile kifaa cha kuchezea gemu unachokishika, kwa mara ya kwanza anakutana na hii. Unachukua rula, unapima konsoli yako kwa umakini wote, unakata vipande viwili vya kitambaa saizi ileile, unaongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono, unashona, unageuza, afu konsoli inaingia nusu ya kona na kukwama hapohapo. Unapima tena, vipimo viko sawa. Unaanza kuilaumu cherehani.

Cherehani haina kosa na rula nayo haina kosa, ila rula imekupa upana wa konsoli ikitazamwa kwa mbele, na kitambaa kazi yake sio kuitazama konsoli, kazi yake ni kuizunguka. Kinatoka mbele, kinashuka ubavuni, kinapita mgongoni, kinapanda ubavu wa pili mpaka kinarudi kilipoanzia, na kila kikipita ubavuni kinalipa unene. Kwa hiyo duara zima ni upana mara mbili jumlisha unene mara mbili, na kwa kuwa kava ya kawaida ni vipande viwili, kila kipande kinatakiwa kubeba nusu yake, yaani upana jumlisha unene. Hiyo jumlisha unene ndo watu wanaisahau.

Chukua Game Boy ya kwanza ya mwaka 1989. Upana wake ni milimita 90 na unene milimita 32, kwa hiyo kipande chako kabla hata ya mshono kinataka milimita 122, zaidi ya theluthi moja juu ya kile ulichokiona kwa rula. Steam Deck ndo balaa zaidi maana kwenda juu ni milimita 117 na unene wake unafika 49, unapata 166. Ukiwa na simu nyembamba ukashona kava kwa kukadiria unaweza kuponea, kwa sababu unene wa simu ni mdogo na kitambaa huwa kinavutika kidogo, ndo maana mtu aliyewahi kushona kava nzuri ya simu anashangaa mbona kwenye konsoli mambo yamekataa.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye neno unene lenyewe. Nintendo Switch ya 2017 ukisoma karatasi ya vipimo vyake unakuta unene milimita 13.9, na ni kweli, ila huo ni unene wa bodi peke yake. Ukipima kuanzia ncha za vile vijiti vya analogi vya kusukuma kwa dole gumba mbele mpaka vitufe vya ZL na ZR vinavyochomoza nyuma unapata milimita 28.4, mara mbili kabisa! Sasa konsoli ikiwa inaingia kwa ubavu wake mfupi, ambao ni milimita 102, ile sehemu yenye vijiti lazima ipite mlangoni kama kila kitu kingine, kwa hiyo hesabu yako ni 102 jumlisha 28.4, yaani kama 130, sio jumlisha 13.9. Tofauti ya milimita 14 na nusu inatosha kabisa kukukwamisha. Ukitaka kuwa mbahili wa kitambaa unaweza kuzungusha futi ya fundi juu ya konsoli palepale kwenye vijiti, soma namba, gawa kwa mbili, na mara nyingi itatoka pungufu kidogo kuliko hesabu ya mstatili kwa sababu vijiti ni vidogo na kitambaa kinakata kona. Mi naona hii njia ya futi ni bora kuliko karatasi yoyote ya vipimo, inapima kile kitambaa kitakachofanya.

Haya, hapo bado hatujaweka sponji.

Sponji inaongeza kitu ambacho kichwani hakiingii mpaka uchore. Ukivisha konsoli sponji ya milimita 5 pande zote, upana unaongezeka milimita 10 na unene unaongezeka milimita 10, kwa hiyo duara la nje linakua kwa milimita 40. Kanuni ni kwamba unazidisha unene wa sponji kwa 8 kama kona ni za mraba, na kama kona umezizungusha vizuri ni kama mara 6.3, yaani milimita 31 hivi kwa hiyo sponji ya 5. Na kinachofurahisha ni kwamba saizi ya konsoli haihusiki kabisa, iwe ndogo ya kuficha kiganjani au kubwa ya mikono miwili, sponji ileile inakula kitambaa kilekile. Turudi kwa Switch: 130 tuliyopata, ongeza nusu ya 40 inakuwa 150, ongeza sentimita moja ya mshono kila upande inakuwa 170. Ulianza na 102. Ndo ujue kwa nini ile kava iligoma.

Na hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini bitana ya ndani hukunjamana. Wengi wanakata kitambaa cha nje, sponji na bitana saizi moja, wanavibananisha pamoja wanashona, afu ndani panakuwa na mikunjo ambayo haiishi hata ukivuta vipi. Bitana imekaa upande wa ndani wa sponji, njia yake ni fupi kwa zile milimita 30 mpaka 40, na kitambaa kilichozidi hakina pa kwenda zaidi ya kujikunja. Mafundi wa makoti wanalijua hili siku nyingi, tabaka la ndani linakatwa dogo kuliko la nje. Ngozi pia ina tabia hiyo, ngozi ya milimita 2 ni milimita 16 zimeondoka kwenye mzunguko, na ngozi ina ubaya wake wa ziada kwamba tundu la sindano halifutiki, ukikosea ukafumua matundu yanabaki pale yanakuangalia. Ndo maana wanaoshona ngozi wanaanza na karatasi ngumu kwanza.

Chini ya kava nako kuna kale kaujanja ka kona. Mfuko bapa ukiuingiza kitu chenye unene, pembe mbili za chini zinabaki zimechongoka tupu na konsoli inakaa juu kidogo haifiki mwisho. Dawa yake ni kukata kipande cha mraba kwenye kila pembe ya chini, afu unaukutanisha ule mshono wa ubavu na ule wa chini na kushona kwa kukatiza. Mraba wenyewe uwe nusu ya unene unaoutaka, ukipimia kuanzia kwenye ukingo wa kitambaa na mishono yote ukiiachia sentimita ileile moja, kwa hiyo kwa unene wa milimita 28 unakata mraba wa 14. Kwa konsoli ambayo ncha zake zimezungushwa na ni nyembamba kuliko katikati unaweza kupunguza.

Sasa mtu atasema si nikate tu kubwa nimalize, mambo ya milimita ya nini. Kava ikipwaya, konsoli inacheza humo ndani. Begi likianguka, begi linasimama kwanza, konsoli inaendelea na safari yake mpaka igonge ukuta wa kava, yaani inaanguka mara ya pili kimyakimya. Kitu kikianguka kutoka mita moja kinafika chini kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa, na swali zima la kuokoka ni kimepewa umbali gani wa kusimamia. Kikisimama ndani ya milimita 1 nguvu ya wastani ni kama mara elfu moja ya uzito wake, kikipewa milimita 10 inashuka mpaka mara mia. Switch na vidhibiti vyake ni karibu gramu 400, kwa hiyo unaongelea mzigo wa kilo 400 dhidi ya mzigo wa kilo 40, konsoli ileile, urefu uleule. Hicho ndo sponji inachokifanya, inanunua umbali.

Ila haibonyei yote. Sponji ya milimita 5 labda itakupa milimita 3 za kweli kabla haijawa ngumu, na hiyo laini sana ya kwenye mito inabonyea mapema mno ukiigusa tu, konsoli inafika chini ya sponji ikiwa bado ina mwendo. Ngumu sana nayo haibonyei kabisa, ni sawa na kufunga ubao. Ndo maana kava nyingi za dukani zinatumia EVA, ile ya soli nyepesi za viatu vya michezo, vinyweleo vyake vimefungwa kila kimoja na hewa yake ndani kwa hiyo inabonyea taratibu na inarudi, na maji hainywi. Mkeka wa zamani wa mazoezi ukiukata unafanya kazi hii vizuri tu, wengi wanatumia hivyo. Kwenye pembe ongeza tabaka la pili hata kama katikati umeweka moja, kwa sababu vitu vikianguka vinapenda kutua kwa pembe, na hapo uzito wote unaishia kwenye eneo dogo sana.

Vijiti vinataka upole wa aina nyingine. Kava inayobana vizuri mwili wa konsoli itabana na vijiti pia, na kijiti kilicholazwa upande mmoja ndani ya begi kutwa nzima kinaweza kuichosha ile springi inayokirudisha katikati. Kwa hiyo unaweka tabaka la sponji la upande wa mbele lenye matundu mawili palepale vijiti vinapokaa, au unaweka kijiukuta cha sponji kuzunguka skrini ili kifuniko kiegemee kwenye fremu kisiguse vijiti wala kioo. Weka tundu kubwa kuliko kijiti. Kama vijiti vyako ni vile vya Hall, ambavyo vinasoma mwendo kwa sumaku, basi na kishikizo cha sumaku cha kufungia kava kiweke mbali navyo, au tumia zipu tu yaishe.

Kuhusu skrini, adui ni mchanga kuliko funguo. Funguo nyingi ni chuma laini, lakini kwenye mchanga na vumbi kuna kwatzi (quartz), madini magumu, na kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 7 wakati kioo cha kawaida kiko kama 5.5. Skrini ya Switch ya 2017 juu yake ni plastiki, inachunika kirahisi kuliko hata kioo. Kitambaa cha bitana chenyewe hakikwaruzi, kinachokwaruza ni chembe iliyokaa kati yake na skrini huku konsoli ikitetemeka begini, kwa hiyo bitana yenye manyoya mafupi inasaidia kidogo maana chembe inazama chini, kuliko nailoni laini ambapo chembe inabaki juu ikiteleza. Ila manyoya yakijaa nayo yanageuka msasa, hivyo shona bitana kwa namna ambayo unaweza kuigeuza nje na kuikung'uta au kuifua.

Zipu: chagua ya nailoni, inapinda kwenye kona na meno yake hayaumizi plastiki, na bado weka ukanda wa kitambaa nyuma yake. Kona ziwe za mviringo mpana, kichwa cha zipu hakipendi kona kali. Kwenye cherehani ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 au 4, mishono ya karibukaribu kwenye sponji au ngozi inatoboa mstari mzima na kitu kinakuja kuchanika hapohapo.

Kama unataka ngozi iliyokaa umbo la konsoli, tumia ile iliyotiwa dawa ya mimea, inalowekwa, inafinyangwa ikiwa mbichi na inabaki hivyo ikikauka, ile iliyotiwa dawa ya kromu haishiki umbo vizuri. Na usiifinyange juu ya konsoli yenyewe, jamani, ni ngozi inayotiririka maji. Bandika kadibodi tabaka kwa tabaka mpaka upate saizi kamili, weka na vinundu vya vijiti na vitufe vya nyuma, funga kwa nailoni, hiyo ndo konsoli yako ya kushonea. Hata kwa kava ya kitambaa hilo bunda la kadibodi linasaidia sana, unalijaribu kabla hujafunga mshono wa mwisho.

Jambo la mwisho, izime kabisa au iweke kwenye hali ya usingizi (sleep) kabla ya kuiweka ndani. Sponji inayozuia mshtuko inazuia na joto, na Switch inavuta hewa kwa nyuma na kuitoa juu, sehemu zote mbili ambazo kava imeziziba. Nintendo wanataka itumike kwenye joto la nyuzi 5 mpaka 35, na kitufe cha kuwasha kikibonyezwa na sponji iliyobana sana, gemu inaamka humohumo gizani bila wewe kujua. Ukikata, acha kijishimo kidogo pale kitufe kilipo.