Je, Wajua Kwa Nini "Gulio Limeamka" Huenda Isiwe Tashihisi?

Kwa miaka mingi, kila nilipokuta shairi linalosema soko limeamka au limekasirika, niliandika "tashihisi" pembeni bila kusita, kwa kuwa nilifunzwa kwamba kitu kisicho na uhai kikipewa tendo la mtu, jibu limekwisha kupatikana. Mara nyingi nilikosea. Ubeti huu nimeutunga uwe kielelezo:

Gulio limeamka, jua halijachomoza,
Ndizi zinachekacheka, wateja zikipumbaza,
Mizani imetamka, muuzaji kanyamaza,
Vikapu vyamiminika, kila njia yavileta.

Tashihisi hukipa kitu hulka ya mtu. Metonimia hukitaja kitu kwa jina la kingine kinachoambatana nacho, kama jembe linavyosimama badala ya mkulima. Mnunuzi anayeita "We machungwa, njoo!" hadhani kwamba machungwa yana miguu, na muuzaji huitika bila kushangaa. Ni kama kupiga hodi: mkono unagonga mlango, lakini anayetarajiwa kuitikia ni mwenye nyumba. Gulio la mstari wa kwanza ni mlango wa namna hiyo, kwani walioamka ni watu wake. Vikapu navyo ni vivyo hivyo, kwani wanaomiminika ni wanaovibeba.

Ndizi hazina mwenye nyumba. Ukisema "wauza ndizi wanachekacheka", unalipoteza chane lililopinda kama mdomo wa mtu anayetabasamu, na mstari unakufa. Mizani ni tashihisi iliyo wazi zaidi, maana muuzaji ametajwa na kunyamazishwa papo hapo, hivyo hodi haina wa kuiitikia ila mizani yenyewe. (Kwamba mizani ya shairi, yaani silabi zake, nayo ni minane kila kipande ni mzaha ambao sikuupanga.)

Sarufi ya Kiswahili hutusaidia kidogo. Tukisema "gulioni kumechangamka", kiambishi ku- kinabeba mahali pamoja na yaliyomo, wala hakuna anayedai kwamba mahali pamekuwa mtu. Hata hivyo, jaribio la kubadilisha neno, yaani kuweka watu mahali pa kitu kama nilivyofanya kwa ndizi, halitoshi kwa mstari mmoja uliokatwa: lau gulio lingeendelea kupiga miayo na kujinyoosha mgongo, mlango wenyewe ungekuwa umegeuka mtu, na jibu langu la zamani lingekuwa sahihi, ingawa kwa sababu ambayo sikuijua.

Majina ya masoko nayo husafiri kwa njia hiyohiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina la watu likahamia mahali walipopiga kambi. Leo mtu akilalamika kwamba "Kariakoo wamepandisha bei", jina la mahali limewarudia watu, na kiambishi wa- kinalithibitisha hilo waziwazi.