Je, wajua kwa nini wasioamini Mungu nao hujitungia ibada?

Barazani mjini Unguja, ikizuka habari ya watu wasioamini Mungu, haikawii kufika kwenye swali hili: basi mtu huyo akifa, nani atamsomea? Huulizwa kwa kejeli, lakini ndilo swali lenyewe. Mtu akifiwa huku kwetu, hata awe hana nguvu ya kutamka neno, mambo yanakwenda. Wapo wa kukosha maiti, wapo wa kuchimba kaburi, wanawake wako jikoni, jeneza linapokezanwa mabegani, na siku ya hitma inajulikana. Mfiwa hana la kubuni. Aliyeiacha dini ameacha mafundisho, na pamoja nayo ameacha mpango huo wote. Kufiwa, hata hivyo, atafiwa tu.

Walioipinga dini kwa nguvu waliliona hilo mapema. Novemba 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liligeuzwa Hekalu la Akili. Halikudumu. Mwanafalsafa Auguste Comte akaja na jambo kubwa zaidi: mwaka 1849 alitoa kalenda ya miezi 13 ya siku 28, kila mwezi ukiitwa kwa jina la mtu mashuhuri, kama Homer, Aristotle au Shakespeare. Piga hesabu, utapata siku 364. Ile iliyobaki aliifanya siku ya kuwakumbuka wafu wote. Mengi katika mpango wake yanachekesha, lakini hapo naona alijua anachokifanya.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Ujerumani Mashariki, nchi iliyosaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko kwao serikali ya kikomunisti ilitaka kulidhoofisha kanisa, nao vijana wakifika miaka 14 hivi walikuwa bado wanapelekwa kupata kipaimara, ibada ya kanisa ya kijana kuithibitisha imani yake. Kuwakataza tu kusingetosha. Kuanzia 1955 ikaishika sherehe ya tangu karne ya 19, iitwayo Jugendweihe, ikaifanya yake: masomo ya matayarisho, ukumbi, muziki, kiapo, maua, kitabu cha zawadi, kisha karamu nyumbani. Ni jando na unyago, ila mwenye ngoma ni chama. Aliyekataa aliweza kufungiwa njia ya masomo ya juu.

Dola ile ilitoweka mwaka 1990, na ungedhani sherehe yake ingezikwa nayo. Kiapo kwa dola kikaondoka, shuruti ikaondoka, lakini familia nyingi za mashariki mwa Ujerumani zinaifanya mpaka leo. Wazazi walioifanya wanataka watoto wao waifanye. Bibi anataka kumwona mjukuu na suti yake mpya. Imeshakuwa mila, na mila haiulizwi itikadi yake.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, aliyekuwa mwana wa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na akaiacha imani ya baba yake, alieleza mwaka 1912 kwamba watu wakikusanyika wakaimba na kutikisika kwa mdundo mmoja, huzuka nguvu ambayo mtu peke yake hana. Aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Homu, wanaume wamepiga magoti safu moja wakiyumba pamoja, hahitaji kuelezwa. Muumini atasema nguvu ile ni baraka za Mola. Durkheim alisema ni jamii yenyewe. Hapo hawatapatana, lakini hakuna kati yao anayekana kwamba nguvu ipo.

Siku hizi wasioamini wana taratibu zao. Norway wanafanya kipaimara kisicho cha kanisa tangu 1951. Uingereza wapo wasimamizi wa maziko yasiyo ya dini: husimulia maisha ya marehemu, huweka muziki alioupenda, hunyamaza kidogo pamoja. Na Januari 2013 wachekeshaji wawili wa London walianzisha mkutano wa Jumapili usio na Mungu, wenye nyimbo za redioni, mhadhara na chai.

Nyimbo na mhadhara ni sehemu nyepesi. Kazi ni siku za katikati ya wiki: nani atakuja kukuuguza, nani atajua kwamba siku mbili hukuonekana. Huku Unguja hayo hufanywa na jirani yuleyule unayesimama naye safu moja msikitini, wala hakuna aliyepanga ratiba.