Risasi katika TV za chogo: iko kwenye kioo kipi, na fundi aishughulikie vipi

TV ya chogo iliyokaa sebuleni ikiwa nzima haimpi mtu risasi. Madini hayo yenye sumu, yaleyale ya kwenye betri ya gari, yamefungwa ndani ya kioo. Hayaruki hewani, wala hayapenyi skrini mtu anapotazama taarifa ya habari. Nalitanguliza hili kwa sababu swali ambalo wateja humuuliza fundi ni "je, TV hii inatoa sumu nikiitazama?", ilhali swali lenye uzito ni "itavunjiwa wapi, na nani?"

Hapa Uganda swali hilo limeshafika. Mwaka 2015 matangazo ya analojia yalianza kuzimwa. Dikoda zikazipa TV za chogo miaka michache zaidi, kisha bei ya skrini bapa ikashuka. Sasa zimerundikwa stoo, nyuma ya karakana, na kwenye mizani ya wanunuzi wa chakavu. Marufuku ya kuingiza TV zilizokwisha kutumika, iliyowekwa na sheria ya fedha ya 2009, ilipunguza zinazoingia mpakani. Zilizokuwa zimeshaingia bado tunazo.

Risasi iko wapi hasa

Tyubu ya picha ya rangi haikutengenezwa kwa kioo kimoja. Ni vioo vitatu tofauti vilivyounganishwa, pamoja na gundi ya kioo inayovishika. Asiyejua tofauti zake hujilinda pasipohitajika na kujiachia penye hatari.

Kioo cha mbele, kile kinene unachokitazama, ndicho kizito kuliko vyote, lakini risasi yake ni kidogo au haipo kabisa. Watengenezaji walitumia bariamu na strontiamu, kwa sababu kioo chenye risasi nyingi hugeuka rangi ya kahawia kikipigwa na elektroni kwa muda mrefu, na picha ingeharibika. Katika tyubu za zamani zaidi utakuta oksidi ya risasi ya asilimia 2 au 3.

Faneli ni ile sehemu ya nyuma inayopungua kuelekea shingoni, iliyopakwa grafaiti nyeusi kwa nje. Hapa oksidi ya risasi hufika asilimia 22 hadi 25 ya uzito wa kioo. Shingo, yaani kibomba chembamba chenye bunduki ya elektroni (kifaa kinachorusha elektroni kwenye skrini), huweza kukaribia asilimia 30. Kazi ya risasi hiyo ni kuzuia eksirei: elektroni zinazosukumwa kwa volti 25,000 na zaidi zikigonga chuma na kioo, eksirei huzaliwa, na risasi huzinyonya zisimfikie mtazamaji.

Halafu kuna mshono. Geuza tyubu ubavu, utazame nyuma kidogo ya mkanda wa chuma unaozunguka skrini. Utaona mstari mwembamba wa kijivu au wa rangi ya maziwa yaliyochacha, kama lipu iliyofinyangwa kwa kidole. Hiyo ni gundi ya kioo, na karibu robo tatu yake au zaidi ni oksidi ya risasi. Ni laini kuliko vioo vinavyoizunguka, husagika upesi, na joto huilegeza kabla ya kioo chenyewe kulegea. Watu wengi hawajui hata kama ipo, na nyundo ya kwanza hutua hapohapo.

Kwa mfano wa hesabu, chukua TV ya rangi ya inchi 21 ambayo faneli yake ina kilo 4. Kwa asilimia 22, hiyo ni gramu 880 za oksidi, ambazo ndani yake mna risasi tupu inayozidi gramu 800. TV kumi zikivunjwa kwenye ua mmoja, hizo ni kilo 8.

Vile vi-TV vidogo vya rangi nyeusi na nyeupe, vilivyokuwa vikiendeshwa kwa betri ya gari vijijini, havina mshono wa gundi, na kioo chao kwa jumla kina risasi asilimia chache tu. Shingo yao peke yake ndiyo yenye nyingi. Betri iliyokuwa ikiviendesha ilibeba risasi kilo kadhaa, kwa hiyo kwenye nyumba ya namna hiyo nashauri mtu aanze kuihangaikia betri.

Jinsi kioo kinavyofika tumboni

Kipande cha kioo ukikishika hakikuingizii risasi kupitia ngozi. Njia ni mbili: vumbi linalovutwa puani, na vumbi linalotoka mkononi kwenda mdomoni. Nyundo ikigonga faneli, vipande vikubwa huonekana na kuokotwa, lakini unga mwembamba hubaki. Unakaa kwenye mistari ya kiganja, kwenye mfuko wa shati, kwenye magurudumu ya boda, na kwenye busati la sebuleni anapotambaa mtoto. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima akiila kiasi kilekile, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi huinyonya zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Tindikali nayo huitoa risasi kwenye kioo chenyewe. Kioo kilichosagwa kikilala kwenye jaa lenye mabaki ya vyakula yanayooza, tindikali ya uozo huitoa risasi polepole. Chuo Kikuu cha Florida kilipima tyubu za rangi kwa kipimo cha Marekani kinachoiga hali ya jaa, na wastani ulikuwa miligramu 18.5 za risasi kwa lita, ilhali kikomo cha kipimo hicho ni 5. Kwa hiyo kuitupa tyubu kwenye jaa la mji si kuimaliza. Tuliona Kiteezi, jaa la Kampala lililoporomoka mwezi Agosti 2024, kwamba jaa halikai lilipowekwa.

Ndiyo maana napinga kabisa matumizi ya vipande hivi kuchomeka juu ya ukuta wa ua badala ya chupa, au kuvichanganya kwenye zege la sakafu. Mvua huvipiga, zege huchakaa, na uani ndiko watoto wanakochezea. Wanaoyeyusha vioo kutengeneza shanga wajihadhari zaidi: kioo cha risasi huyeyuka kwa joto dogo na kung'aa vizuri, na kwa hiyo kinavutia.

Kutoa shaba bila kuvunja kioo

Sababu ya kuvunja tyubu karibu kila mara ni shaba ya yoki, ile koili iliyovaa shingo. Watu huipiga shingo ikatike, yoki ichomoke. Haina haja. Yoki hutoka kwa bisbisi, na tyubu ikabaki nzima.

Chomoa TV kwenye umeme na uiache kwa muda. Kapasita kubwa ya pawasaplai (kipuri kinachotunza chaji ya umeme) hubaki na volti zaidi ya 300. Imalize kwa rezista ya wati 5 hivi yenye omu elfu chache, si kwa kuigonga kwa bisbisi. Kisha anodi, yaani kituo cha umeme mkubwa kilicho ubavuni mwa faneli chini ya kofia ya mpira. Chukua bisbisi bapa ndefu yenye mpini wa plastiki usio na ufa, ufunge waya kutoka kwenye chuma chake hadi kwenye ule waya uliosukwa unaolala juu ya grafaiti ya faneli. Si kwenye chasi, bali kwenye waya huo, kwa kuwa chaji imekaa kati ya anodi na grafaiti. Weka mkono mmoja mfukoni, upenyeze bisbisi chini ya kofia ya mpira mpaka iguse chuma. Unaweza kusikia mlio, au usisikie. Subiri dakika tano, urudie, kwa sababu kioo hurudisha sehemu ya chaji baada ya kumalizwa mara ya kwanza. Wengi hupigwa shoti hapa, kwenye mara ya pili waliyoiruka. Shoti yenyewe mara nyingi haiui, ila humfanya mtu aangushe tyubu.

Ondoa kofia, kisha bodi ya shingo kwa kuivuta moja kwa moja nyuma. Usiitikise kushoto na kulia. Shingo hukatika kwenye mizizi ya pini. Legeza skrubu ya kibanio cha pete za sumaku, uzitoe. Legeza ya yoki. Baina ya yoki na faneli kuna vipande vitatu vya mpira vilivyobandikwa. Vikwangue kwa kisu butu au vilainishe kwa hewa ya moto ya kadiri. Zungusha yoki kidogo huku ukiivuta, itatoka. Koili ya duara inayozunguka skrini hutoka kwa kukata vishikizo vyake, lakini ikwangue kwanza: kwenye TV za miaka ya mwisho nyingi ni alumini iliyopakwa rangi.

Mkanda wa chuma unaoizunguka skrini usiuguse. Wanunuzi wa chuma huutaka, na ukatwapo tyubu inabaki na ombwe (hewa iliyotolewa) ndani bila kitu cha kuibana. Ikipasuka hapo, vioo vinaruka. Tyubu ibebwe kwa mikono miwili kwenye kioo cha mbele, skrini ikielekea kifuani, kamwe isishikwe shingoni. Ilazwe kifudifudi juu ya kadibodi, mahali pakavu penye paa, shingo ikitazama juu na kufunikwa kwa kopo la plastiki ili isigongwe. Usipange tyubu juu ya tyubu.

Bati jembamba lenye matundu lililo ndani haliwezi kulipa gharama ya kuvunja. Usifungue tyubu kwa ajili yake. Unga mweupe wa ndani ya skrini ni mwangazi wa salfaidi ya zinki na madini mengine, na katika tyubu za zamani hata kadimiamu. Huo nao haufai kuvutwa.

Bodi na sigiri

Waya wa kulehemu uliotumika kwenye bodi hizi una takriban bati 60 na risasi 40 kwa mia. Pasi ya kulehemu ikiwa kwenye nyuzi 350 hivi haitoi mvuke wa risasi wa kutisha. Moshi unaouona ni wa flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, na huo unachokoza pumu. Risasi ya kulehemu huingia kwa vidole: fundi anashika waya, anakula chapati. Sigiri ni jambo jingine. Bodi ikiwekwa juu ya makaa ili vipuri vidondoke, joto halina kikomo, risasi huoksidika kuwa unga, na plastiki inayoungua hutoa sumu zake. Majivu hayo yakimwagwa kwenye migomba, udongo umeharibika kwa miaka mingi. Na hitisinki za alumini, yaani vipande vinavyopooza vipuri, zitenganishwe na lehemu zote kabla hazijauzwa kwa wanaoyeyusha sufuria. Vipimo vya sufuria za kienyeji katika nchi kadhaa za Afrika vimekuta risasi, na chanzo kimojawapo ni chakavu kilichochanganywa ovyo.

Ikishavunjika

Toa watoto na wajawazito. Usifagie kwa ufagio mkavu, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Zote mbili huupeperusha unga. Vaa glavu nene za ngozi, miwani, na barakoa ya N95 au FFP2, kwa kuwa ya kitambaa hupitisha vumbi hili. Nyunyiza maji kidogo, kusanya vipande vikubwa kwa mkono, vidogo kwa kadibodi mbili, kisha pangusa sakafu kwa matambara yaliyoloweshwa kwa maji ya sabuni, kila tambara mara moja. Matambara, kadibodi na vioo vyote viingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uandike juu yake "kioo cha risasi". Maji ya kusuuzia yawe machache kiasi cha kunyonywa na matambara, yasitiririke mtaroni.

Nguo za karakana zibaki karakana na zifuliwe peke yake. Nawa kwa sabuni, ukisugua chini ya kucha, kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Fundi mwenye mabomba mabovu aweke jerikeni na sabuni mlangoni. Hiyo ni kinga kubwa kwake.

Kuhusu maziwa: kunywa glasi moja baada ya kazi hakuoshi risasi iliyokwisha kuingia. Lishe yenye kalisi na chuma hupunguza inayonyonywa, basi. Dalili kama tumbo kusokota, choo kigumu, uchovu na damu kupungua huja kwa kuchelewa, na mtoto anaweza kuathirika akili bila dalili yoyote ya mwili. Kipimo cha kuaminika ni cha damu ya mshipani. Ikifika maikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Risasi hukaa damuni wiki kadhaa, lakini iliyoingia mifupani hukaa miongo, na mama akipata mimba sehemu yake hurudi damuni na kumfikia mtoto tumboni.

Kuhusu kuziondoa, Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020 zinamtaka anayesafirisha au kuhifadhi taka hatari awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Mkusanyaji akija, dai kuiona leseni, kisha umuulize faneli zinaishia wapi. Kioo cha faneli hakichanganywi na chupa, na kukivusha mpakani kunahitaji kibali cha maandishi cha nchi inayokipokea, kwa sababu Mkataba wa Basel umekiorodhesha kama taka hatari kwa namba A2010. Akijibu kwamba anachukua yoki na bodi tu na tyubu "tutaona", muuzie hizo alizozitaka na ubaki na tyubu zako nzima, zimelazwa kifudifudi chini ya paa, mpaka apatikane wa kuzipokea zote.