Gavana wa jimbo nchini India hana hiari isiyo na mipaka

Wengi huamini kwamba gavana wa jimbo nchini India, kwa kuwa huteuliwa na Rais, anaweza kuitisha bunge la jimbo au kuiondoa serikali atakavyo. Sivyo.

Dhana hiyo hutokana na Ibara ya 163(2) ya Katiba ya India, isemayo kwamba uamuzi wa gavana kuhusu jambo lipi liko ndani ya hiari yake ni wa mwisho. Ikisomwa peke yake, inapotosha. Ibara ndogo ya kwanza inamfunga kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri, isipokuwa pale Katiba yenyewe inapompa hiari.

Kisa cha Arunachal Pradesh, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, kilionyesha wazi. Gavana alikileta mapema kikao cha bunge la jimbo cha Januari 14, 2016 kikawa Desemba 16, 2015, bila ushauri wa mawaziri. Julai 13, 2016 majaji watano wa Mahakama ya Juu walibatilisha amri yake, na serikali iliyokuwa imeng'olewa ikarudishwa. Hilo lilikuwa sahihi kabisa.

Gavana akishuku kwamba serikali imepoteza wingi, hahesabu wabunge ofisini mwake. Kura hupigwa bungeni, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1994 katika kesi ya Bommai, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Karnataka. Hiari halisi hubaki, kwa mfano, katika kumwalika wa kuunda serikali pale ambapo hakuna chama chenye wingi.